Nywele na Tiba ya Saratani: Zipangiwe Kabla Hazijadondoka

Shangazi yangu alisuka rasta siku mbili kabla ya dripu yake ya kwanza ya kemo. Alikuwa anatoka Tanga kwenda Dar es Salaam kutibiwa saratani ya titi, na kwa desturi yake mtu haendi safari, tena safari ya hospitali, kichwa kikiwa timtim. Akasukwa rasta nyembamba za kubana, za kudumu miezi miwili. Siku ya kumi na saba alivuta rasta moja iliyokuwa ikimkera karibu na sikio. Ikaja yote mkononi pamoja na mzizi wake, bila maumivu, kama mchicha unaong'olewa kwenye udongo uliolowa. Akavuta ya pili. Kufikia jioni upande mmoja wa kichwa ulikuwa wazi, na upande wa pili umefungamana donge moja, maana nywele zilizokwisha kung'oka zilinaswa ndani ya rasta na kujisokota na zile ambazo bado zimeshika. Tulizikata kwa mkasi, kidogo kidogo, kwa muda wa saa nzima.

"Mwanangu," aliniambia, "kumbe dawa imenishinda."

Aliamini kwamba mwili wake umeikataa dawa na mwisho umekaribia. Siku ya dripu ya pili hakwenda. Zilipita wiki tatu ndipo tukafanikiwa kumrudisha. Hospitalini walikuwa wamemweleza habari za kichefuchefu, homa na chakula. Habari ya nywele hakuna aliyeitamka, na yeye mwenyewe aliona haya kumuuliza daktari mwenye foleni ya watu swali aliloliona ni la urembo.

Naandika makala haya kwa ajili ya zile wiki tatu. Kudondoka kwa nywele hakuui mtu, lakini kutokujua kwamba zitadondoka kunaweza kumtoa mgonjwa kwenye tiba inayomponya. Ndiyo maana nasema nywele ni sehemu ya matibabu, na mipango yake inafaa iwekwe siku ileile zinapopangwa dripu.

Kwa nini zinadondoka

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Wakati wowote ule, kati ya asilimia 85 na 90 ya nywele hizo ziko katika hatua ya kukua, na ndani ya kila kinyweleo seli zinagawanyika kwa kasi kubwa. Dawa nyingi za kemo zimetengenezwa kushambulia seli zinazogawanyika upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya saratani. Dawa haina macho ya kutofautisha seli ya uvimbe na seli ya kinyweleo, kwa hiyo huzipiga zote. Unywele hudhoofika pale kwenye shina, ukakatika au ukachomoka.

Ndiyo sababu nywele haziondoki siku ya dripu yenyewe. Kwa kawaida huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Kabla ya hapo wagonjwa wengi huhisi ngozi ya kichwa ikiwasha au kuuma, hata kulalia mto kunakuwa karaha. Halafu nywele huonekana kwenye foronya, kwenye chanuo, kwenye maji ya kuogea. Nyusi, kope, ndevu, nywele za kwapani na za sehemu za siri nazo zinaweza kutoka, mara nyingi baadaye kidogo.

Shangazi alilikosa jambo moja la msingi. Kutoka kwa nywele hakuonyeshi kwamba dawa imeshindwa, wala nywele zikibaki si dalili kwamba dawa haifanyi kazi. Nywele zinaeleza aina ya dawa uliyopewa, basi. Habari za uvimbe huzipati kichwani, zinatoka kwenye vipimo.

Tena mizizi yenyewe mara nyingi haifi. Seli mama za kinyweleo hugawanyika polepole, kwa hiyo nyingi hunusurika, na dawa ikimalizika huanza kazi upya. Kwa walio wengi, upara wa kemo ni wa muda.

Si kila tiba inaondoa nywele

Mitaani watu husema "tiba ya saratani inanyonyoa nywele" kana kwamba tiba ni moja. Kosa hilo huwatia hofu hata wasiohusika.

Zipo dawa ambazo kwa dozi za kawaida huondoa nywele karibu zote. Mojawapo ni doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa huitambua kwa rangi yake na ambayo huufanya hata mkojo uwe mwekundu kwa siku moja mbili. Paklitakseli na dosetakseli nazo zimo humo. Saiklofosfamaidi pia huondoa nywele, hasa ikichanganywa na nyingine. Dawa hii ya mwisho ina historia kubwa kwetu Afrika Mashariki. Baada ya daktari Denis Burkitt kueleza mwaka 1958, akiwa Mulago, Kampala, uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda, saiklofosfamaidi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoyeyusha uvimbe ule katika miaka ya 1960. Dawa inayomwacha mtoto kipara ndiyo iliyowarudisha watoto wengi nyumbani wakiwa hai.

Zipo dawa zinazopunguza nywele tu bila kuzimaliza. Mfano unaowagusa wanawake wengi ni tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi ya nyonga pamoja na dripu ya sisplatini kila wiki. Nywele za kichwani mara nyingi hubaki, pengine zikawa nyepesi kidogo, kwa sababu mionzi huondoa nywele pale inapopita tu. Anayepigwa mionzi ya nyonga hatapoteza nywele za kichwa kwa ajili ya mionzi hiyo, lakini anayepigwa mionzi ya kichwa huzipoteza upande uliolengwa, na kama dozi ni kubwa baadhi zinaweza zisirudi tena.

Vidonge vya homoni kama tamoksifeni, ambavyo wagonjwa wa saratani ya titi humeza kwa miaka mitano au zaidi, vinaweza kuzifanya nywele kuwa nyembamba taratibu. Si upara, ila mtu asipojua chanzo chake atahangaika na kila mafuta ya sokoni.

Kwa hiyo haitoshi kumuuliza daktari, "Nina saratani, je, nywele zitatoka?" Muulize: "Dawa nitakazopewa zinaitwaje, na hizo hufanya nini kwenye nywele?" Mwombe muuguzi akuandikie majina kwenye daftari.

Upara una maana gani kwetu

Wanaosema nywele ni urembo tu hawajafikiria kichwa kitupu kinasemaje katika jamii zetu. Katika makabila mengi mtu hunyoa akifiwa, kwa hiyo mwanamke akionekana ghafla na kipara huulizwa, "Pole, umefiwa na nani?" Naye hulazimika ama kudanganya ama kutangaza ugonjwa wake kituo cha daladala. Tena kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka miaka ya mwanzo ya UKIMWI, wakati nywele zilizonyonyoka au zilizogeuka kuwa laini zilipokuwa ushahidi mbele ya macho ya majirani. Jeraha la minong'ono ile halijapona, na mgonjwa wa saratani analirithi bila kosa lake.

Lakini kwetu pia kichwa kilichonyolewa kina heshima zake. Mtoto mchanga hunyolewa siku ya akika. Mwanamume hunyoa amalizapo hija. Wanawake wa Kimaasai hunyoa vichwa vyao na kuhesabiwa warembo. Wasichana katika shule nyingi za serikali Tanzania hukata nywele zikawa fupi kabisa, hivyo mtoto mgonjwa anayerudi darasani bila nywele hana haja ya kuonekana kioja, mwalimu akiwatayarisha wenzake kwa maneno mawili matatu. Kipara chenyewe hakijabeba aibu. Aibu huletwa na anayekitazama, na inaweza kuondolewa na watu walewale.

Tafiti za nchi za Magharibi zimekuta wanawake hadi 8 kati ya 100 waliofikiria kukataa kemo kwa hofu ya kupoteza nywele. Huko kuna washauri nasaha na maduka ya mawigi ndani ya hospitali. Kwa mama aliyetoka kijijini, asiye na wa kumweleza, hofu hiyo haiwezi kuwa ndogo zaidi.

Je, zinaweza kuzuiwa?

Njia iliyothibitishwa kitaalamu ni kupoza ngozi ya kichwa. Mgonjwa huvaa kofia ya baridi kali kama nusu saa kabla ya dripu, huendelea nayo dripu inapoingia, na hubaki nayo tena kwa saa moja na zaidi baada ya hapo. Baridi hubana mishipa ya damu ya kichwani na kulaza shughuli za vinyweleo, hivyo dawa inayofika ni kidogo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2015. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wenye saratani ya titi walioivaa walihifadhi sehemu kubwa ya nywele zao, huku wasioivaa wakizipoteza.

Lakini wengi waliopimwa katika tafiti hizo walikuwa na nywele za singa. Kofia hufanya kazi ikigusa ngozi, na nywele nzito za kipilipili huiinua na kuacha hewa katikati. Utafiti mdogo uliofanywa Washington kwa wagonjwa weusi ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu kofia ilishindwa kwa karibu wote. Tangu hapo wataalamu wameanza kujaribu kuzilowesha na kuzilaza nywele, au kuzisuka mistari, ili ngozi ikutane na baridi. Hii ni kazi ambayo wasusi wetu wanaiweza kuliko mhandisi yeyote, na inasikitisha kwamba mashine ilitengenezwa na kuuzwa kabla hawajaulizwa. Kofia hiyo haitumiki kwa saratani za damu, na inahitaji fedha, umeme na muda wa kukaa kitini ambao wodi iliyojaa haina. Ulizia hospitalini kwako ikiwa ipo, lakini usiiweke tiba yako rehani kwa kuisubiri.

Mafuta ya nyonyo, mafuta ya habasoda, maji ya kitunguu, shubiri na mafuta ya nazi hayazuii nywele za kemo kudondoka. Mafuta ya nazi yasiyo na manukato yatalainisha ngozi iliyokauka, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Maji ya kitunguu yanaweza kuichoma ngozi iliyo dhaifu. Minoksidili inaweza kuharakisha nywele kurudi lakini haizizuii kutoka, na isitumike bila ruhusa ya daktari. Vidonge vya bayotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha vinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu. Na dawa yoyote ya mitishamba ya kunywa ioneshwe kwanza kwa daktari, kwa sababu inaweza kugongana na kemo ndani ya ini.

Kabla ya dripu ya kwanza

Fumua kila ulichosuka: rasta, wiving, dredi za kuunganisha. Usiweke dawa ya kunyoosha nywele, usipake rangi, usichome kwa chanuo la moto. Ukitaka kusuka, suka mistari mikubwa iliyolegea, ya nywele zako mwenyewe. Kata nywele ziwe fupi ukiwa bado na nguvu, maana kutoka nywele fupi hadi kipara ni hatua ndogo kuliko kutoka rasta za mgongoni.

Kama unataka wigi, lichague sasa, fundi akiwa anaiona rangi na mtindo wako. Jifunze pia kuchora nyusi zikiwa bado zipo: weka nukta ndogo ya wanja pale nyusi inapoanza, inapopinda na inapoishia, upige picha. Picha hiyo itakusaidia siku zikipotea.

Siku ya kunyoa

Wengi huona nafuu kunyoa pindi nywele zinapoanza kutoka kwa mafungu, badala ya kuziokota sakafuni kila asubuhi. Chagua siku mwenyewe na chagua mkono utakaokunyoa. Shangazi alinyolewa na dada yake mkubwa uani, ameketi kwenye kigoda na kanga mabegani, na redio imefunguliwa ili watu wasisikilize mashine. Baadaye alisema kilichomtuliza ni kiganja cha dada yake kikipita kichwani kutafuta sehemu iliyobaki, kama walivyofanyiana utotoni.

Tumia mashine, usitumie wembe. Kwa dawa nyingi, siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu huwa chini sana, na mkato mdogo wa wembe unaweza kuwa mlango wa maambukizi mazito. Mashine ya saluni yenye foleni inaweza kukuachia mapunye. Ama ununue yako, ama uhakikishe imesafishwa kwa spiriti mbele yako. Ukiona vipele vyenye usaha kichwani, au joto la mwili likifika nyuzi 38, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kutunza ngozi iliyobaki

Kichwa kisicho na nywele bado kinataka kuoshwa. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kama ya watoto, mara mbili kwa wiki vinatosha. Kausha kwa kugusagusa na taulo laini bila kusugua. Jua la mchana huunguza utosi usiolizoea, hata kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo toka na kofia au kilemba. Usiku wa Njombe au Limuru kofia ya sufu ni lazima, ikiwa na kitambaa cha pamba ndani kisichowasha. Kope zikitoka vumbi huingia machoni kwa urahisi, na miwani ya jua husaidia. Kope za kubandika kwa gundi ziepukwe, na wanja usiazimane.

Kwa mwenye kupigwa mionzi ya kichwa masharti huzidi. Kabla ya kuanza, hutengenezewa kinyago cha plastiki kinachofuata umbo la kichwa ili asitikisike. Anayepimwa akiwa na rasta nene, kisha akazifumua, atakuta kinyago kinacheza. Kwa hiyo fumua kabla ya kupimwa. Alama zilizochorwa kwenye ngozi zisifutwe, na mafuta au krimu yoyote ipakwe kwa ruhusa ya wahudumu wa mionzi tu.

Kufunika au kutofunika

Hakuna jibu moja. Wigi humrudishia mtu sura anayoijua, na humwezesha kwenda kazini au harusini bila maswali. Ila livaliwe bila gundi, juu ya kofia nyepesi ya pamba. La plastiki liwekwe mbali na jiko, kwa maana mvuke wa sufuria au moto wa mkaa huliyeyusha mbele ya uso. Baadhi ya Waislamu wana shaka na wigi la nywele za binadamu, na ni vema wakamuuliza mwanachuoni wanayemwamini badala ya kukaa na dukuduku.

Kilemba, mtandio na ushungi ni utajiri tulio nao tayari. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko kitambaa kipya, kwa kuwa ni laini na haitelezi kama hariri. Wanaume nao wasisahaulike. Mtu aliyefuga ndevu miaka 20 akaamka hana ana haki ya kuhuzunika, hata kama jamii inamwambia kipara ni cha kawaida kwa mwanamume. Na anayeamua kutembea kichwa wazi aachwe atembee.

Nywele mpya

Kwa wengi vinyweleo huanza kuamka mwezi mmoja hadi mitatu baada ya dripu ya mwisho. Kwanza hutoka malaika laini kama za mtoto, kisha nywele zenyewe. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili huonekana fupi zaidi kwa sababu hujikunja. Zinaweza kuja na mvi, au kuwa laini kuliko zamani, au kujisokota kwa namna ngeni. Baada ya miezi kadhaa wengi hurudia hali yao ya mwanzo.

Mtihani wa kipindi hiki ni subira. Usiweke dawa ya nywele, rangi wala piko kwa miezi sita angalau. Piko nyeusi ya madukani mara nyingi huwa na kemikali inayoweza kuleta malengelenge. Rasta nzito zingoje pia, kwa sababu nywele changa zikivutwa zinaweza kung'oka na safari hii zisirudi. Ikiwa miezi sita imepita bila mabadiliko, mwone daktari apime damu na tezi ya shingo na kuangalia dawa unazomeza. Kwa wachache, hasa baadhi ya waliopewa dosetakseli, nywele hubaki haba moja kwa moja. Wanapaswa kuelezwa uwezekano huo mapema, si kuugundua wenyewe.

Mzigo huu ni wa nani

Muuguzi anahitaji dakika tano tu kumwambia mgonjwa: nywele zako zitatoka kuanzia wiki ya pili, haina maana dawa imeshindwa, kwa walio wengi hurudi, na ukiona zinatoka usiache kuja. Sentensi hiyo ingeokoa wiki tatu za shangazi yangu. Familia inahitaji kuacha maneno kama "nywele si kitu, shukuru uko hai," kwa kuwa mtu anaweza kushukuru na kulia kwa wakati mmoja. Msusi anahitaji kujua kwamba mteja anayeanza kemo hapaswi kusukwa rasta za kubana, hata akilipa mara mbili.

Nawe unayesoma, ikiwa wewe au ndugu yako mnaanza tiba wiki hii, nendeni na maswali matatu yameandikwa kwenye karatasi: Dawa zangu zinaitwaje na zinafanya nini kwa nywele? Zitaanza kutoka lini? Nikiona dalili gani kichwani nirudi haraka? Msione haya kuyauliza hata foleni ikiwa ndefu. Kisha, nywele zikitoka au zikibaki, siku ya dripu ya pili ikifika, nendeni.